Zipu, RAR, 7z: funga faili ukimfikiria atakayelifungua

Mbukwenyi, wasomaji.

Nilikaa masjala miaka 19 kabla ya kufungua steshenari yangu hapa karibu na soko la Sabasaba, Dodoma mjini. Wanafunzi wanaokuja kuprinti wananiita Mama Masjala, na jina nimelipokea, maana kazi haijabadilika sana. Zamani nilifungia majalada kwenye kabati la chuma, sasa nafungia mafaili kwenye flashi. Kila siku kuna mtu anasimama kaunta na kusema, "Shikamoo mama, hebu nizipie hili faili, limekuwa zito." Wengi wao hawahitaji zipu hata kidogo. Wengine wanaihitaji, lakini wanafunga kwa namna ambayo anayepokea atabaki ameshika furushi asilojua fundo lake liko wapi.

Bosi wangu wa kwanza masjala alikuwa mzee mkali wa Mpwapwa. Siku niliyopanga majalada kwa mtindo ninaoujua mimi peke yangu, alinivuta pembeni: "Binti, wewe unajua liko wapi. Hufungi kwa ajili yako. Unamfungia atakayekuja kulitafuta ukiwa likizo." Maelekezo yote yanayofuata nimeyajenga juu ya neno hilo.

Kufungasha ni kazi moja, kubana ni nyingine

Ukitia vitabu 40 kwenye gunia, umefungasha. Umepata mzigo mmoja badala ya arobaini, lakini uzito ni uleule. Ukichuma mlenda, ukauanika, ukautwanga, ule uliojaza ungo unaingia kwenye kopo. Hapo umebana. Watu wakisema "kuzipu" wanadhani ni kitendo kimoja, kumbe ni viwili.

Wanaosoma kompyuta kule UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wanakutana na mafaili yenye mikia miwili, .tar.gz, na wanashangaa. Mkia, kwa wasiojua, ni zile herufi zinazokuja baada ya nukta kwenye jina la faili. Tar ni gunia tupu. Inakusanya tu, na jina lake limetoka kwenye tepu za sumaku zilizotumika kuhifadhia data. Gzip inabana tu, tena faili moja kwa wakati. Kwa hiyo unatia kwanza kwenye gunia, kisha unalibana gunia zima. ZIP inafanya yote mawili lakini kwa mpangilio wa kinyume: inabana kila faili peke yake, halafu inayaweka pamoja. Shika tofauti hiyo, nitairudia.

Kubana kwenyewe si uchawi. Bwana mmoja aliniletea orodha ya wakulima wa alizeti niichape. Ilikuwa na mistari 3,000, na kila mstari una maneno WILAYA YA CHAMWINO. Hayo ni herufi 18 ukihesabu na nafasi, kwa hiyo kompyuta inabeba herufi 54,000 kwa jambo ambalo kwenye rejesta ya masjala tungeliandika mara moja juu, kisha chini tunaweka vile vijistari viwili vya "kama hapo juu". Programu ya kubana inafanya hivyohivyo: inaandika "rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi 18" na kuendelea na safari. Wazo hilo walilichapisha Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977. Juu yake likaongezwa wazo la David Huffman la mwaka 1952, alilolipata akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani: herufi inayojitokeza mara nyingi ipewe alama fupi, ya nadra ipewe ndefu. Kwa Kiswahili chetu "a" ingepata alama fupi kuliko zote, na "x" ingesubiri nje.

Mmarekani Phil Katz ndiye aliyetuletea ZIP mwaka 1989, na miaka michache baadaye akayaunganisha mawazo hayo mawili katika njia inayoitwa Deflate. Fungua faili lolote la ZIP kwa Notepad, utaona takataka nyingi, lakini herufi mbili za mwanzo ni PK. Ni jina lake, ameliacha pale.

Deflate ina udhaifu mmoja: inakumbuka baiti 32,768 tu za nyuma (baiti moja ni kama herufi moja), tuseme kurasa kama kumi na mbili za maandishi. Jambo likijirudia mbali zaidi ya hapo, kwake ni geni. Ndiyo sababu 7z, ya programu ya 7-Zip aliyoianzisha Mrusi Igor Pavlov mwaka 1999, hubana zaidi. Njia yake, LZMA, inakumbuka mamilioni ya baiti. Tena 7z huweza kuunganisha mafaili mengi na kuyabana kama kitu kimoja. Ukiwa na mafaili 500 ya maandishi matupu yenye kichwa kilekile, ZIP itakibana kichwa hicho mara 500, na 7z itakiona mara moja tu.

Mlenda uliokwisha kukauka

Binti mmoja alikuja na picha alizopiga kwenye utafiti wake Kongwa. Folda ilikuwa GB 1.4. Nikazipu mbele yake, ikatoka GB 1.4. Akanitazama kama nimemlia hela.

Picha za JPEG zimeshabanwa na kamera. Video za MP4, muziki wa MP3, vivyo hivyo. PDF nyingi ndani yake mna Deflate tayari. Na .docx, .xlsx na .pptx, yaani mafaili ya Ofisi tangu toleo la 2007, ni ZIP zenyewe zilizovaa nguo nyingine. Ukiuanika mlenda mkavu haupungui tena, unapoteza jua tu. Kwa hiyo kabla hujafunga angalia umebeba nini. Maandishi matupu, CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi), hifadhidata na picha za BMP, ambazo hazijabanwa, hupungua sana. Picha za JPEG, video na PDF unazifungasha ili ziwe mzigo mmoja, basi. Kwa hizo, ukitumia 7-Zip chagua kiwango cha "Store" kinachofunga bila kubana, usipoteze nusu saa ya umeme wa laptopu.

Kuna jambo watu hulichanganya hapa. ZIP, RAR na 7z hurudisha kila baiti kama ilivyokuwa. Hapo mfano wangu wa mlenda unachechemea, maana mlenda mkavu haurudi kuwa jani. JPEG na MP3 ni jamii nyingine: ni kama zabibu zetu zikishakamuliwa, juisi unayo lakini tunda hulirudishi. Kila ukiihariri picha ya JPEG na kuihifadhi upya inapoteza kidogo. Na WhatsApp ukiituma kama picha ya kawaida inakamuliwa tena. Unataka ifike nzima? Itume kama dokyumenti. Njia hiyo inapokea faili la hadi GB 2.

Wenye PDF nzito, sikilizeni hapa, kwa sababu ninyi ndio wateja wangu wakubwa. Uzito wa PDF ya vyeti hauondolewi kwa zipu, unaondolewa kwenye skana kabla hujabonyeza kitufe. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi, kila nukta inakula baiti tatu, na ukurasa mmoja kabla ya kubanwa ni MB 26. Kwa kijivu ni MB 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe tupu, MB 1.1. Ukiipandisha skana hadi nukta 600 kwa rangi, eti ili ing'ae, ukurasa huohuo ni MB 104. Barua iliyochapwa kwa wino mweusi haihitaji rangi. Mimi huskani barua kwa kijivu na nukta 200, vyeti vyenye mhuri wa rangi kwa nukta 300. Mzee mmoja mwalimu mstaafu alikuja na PDF ya MB 88 iliyokataliwa na mfumo wa maombi. Tuliiskani upya karatasi zilezile tisa, tukatoka na MB 3 na kidogo. Alikuwa ameshalipia vibanda viwili kuizipu.

Sasa, ufunge kwa ipi?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?"

"Msimamizi wangu anasema faili halifunguki. Mbona kwangu linafunguka?"

"Kwako lazima lifunguke, si umelifunga wewe?"

Kijana wa Ng'ong'ona huyo. Alikuwa ametuma RAR. RAR ni kazi ya Mrusi Eugene Roshal, tangu 1993, na si mbovu. Ina kitu ninachokipenda, akiba ya ukarabati, ambayo ukiiweka wakati wa kufunga inaweza kuponya furushi likiharibika kidogo. Lakini utaratibu wake wa kubana ni mali ya watu. Kufungua RAR, programu nyingi zinaruhusiwa. Kutengeneza, ni WinRAR na ndugu zake tu. Windows 11 ilianza kufungua RAR na 7z yenyewe mwishoni mwa 2023. Kompyuta ya msimamizi ilikuwa ya zamani kuliko hapo, na mzee hana haja ya kusakinisha programu ili asome sura ya tatu ya mtu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni fupi. Humjui mpokeaji, au unamjua na ni mtu wa heshima: ZIP. Windows imekuwa ikiifungua yenyewe tangu enzi za XP, Mac inaifungua, na simu za Android zenye programu ya Files ya Google zinaifungua. 7z ni kwa mtu mliyekubaliana naye, au kwako mwenyewe ukiwa na maandishi mengi na bando kidogo. Tar.gz ni kwa watu wa mfumo wa Linux, kwa sababu inatunza ruhusa za mafaili, yaani nani asome na nani aandike. Kufunga ni `tar -czf furushi.tar.gz folda`, kufungua ni `tar -xzf furushi.tar.gz`, na sina la kuongeza. RAR ifungue ukiletewa, usiianzishe.

Kama una WinRAR, angalia toleo lake. Mwaka 2023 liligunduliwa tundu ambalo wahalifu walilitumia kupitia mafurushi yaliyotegwa, likazibwa kwenye toleo la 6.23. Mwaka 2025 likaonekana jingine, likazibwa kwenye 7.13. Programu hiyo haijisasishi yenyewe. Kuna kompyuta za vibandani hapa mjini zina WinRAR iliyowekwa kompyuta ilipokuwa mpya, na lile tangazo la kumkumbusha mtu anunue leseni hufungwa kila asubuhi bila kusomwa.

Hatua zenyewe, kwenye Windows. Weka kila kitu kwenye folda moja kwanza, uipe jina la maana. "Mpya", "Mpya2" na "Mpya final kabisa" si majina. Mimi huanza na tarehe kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku, 2025-03-14, kwa sababu hapo kompyuta ikipanga kwa alfabeti inakuwa imepanga kwa tarehe. Kisha bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi. Kwenye Windows 10 chagua "Send to", halafu "Compressed (zipped) folder". Kwenye Windows 11 tafuta neno "Compress" na uchague ZIP. Folda yako ya asili inabaki palepale, na pembeni yake linazaliwa furushi. Kwenye simu shikilia folda mpaka ichaguliwe, halafu tafuta neno la kubana. Kama simu yako haina, ZArchiver inafanya kazi hiyo na inaelewa mikia karibu yote.

Kufungua ndiko kunakoumiza watu. Dada mmoja, katibu wa kikundi cha vikoba, aliletewa taarifa ya mwaka ndani ya ZIP. Alibofya mara mbili furushi, akaliona faili la Word, akabofya mara mbili tena, likafunguka vizuri. Akakaa saa mbili akirekebisha hesabu, akihifadhi kila dakika kama alivyofundishwa. Akafunga, akalituma furushi kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akapokea taarifa ileile ya zamani.

Ukifungua faili likiwa bado ndani ya ZIP, Windows inalitoa kwa muda kwenye folda yake ya muda na kukufungulia nakala hiyo. Unachohifadhi kinakwenda kule, hakirudi kwenye furushi. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, bofya kulia juu ya furushi, chagua "Extract All", acha folda mpya itokee, na ufanye kazi humo. Ikiwa umeshaumia, usizime kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `%temp%`, bonyeza Enter, panga kwa tarehe na utafute jina la faili lako. La yule dada tulilipata, tena alikuwa ameshaanza kulia kwenye kiti cha wateja.

Kama kutoa kunakataa na kulalamika kwamba njia ni ndefu, sababu ni folda ndani ya folda ndani ya folda. Kwa kawaida Windows inakwama njia nzima ya jina ikifika herufi 260. Hamishia furushi kwenye mzizi wa C, yaani moja kwa moja kwenye diski C nje ya folda yoyote, litolee pale.

Halafu angalia mikia ya vilivyomo. Kitu kinachojiita "ankara.pdf.exe" si ankara. Gmail inakataa .exe hata ukiificha ndani ya zipu, na wala usitafute njia ya kuipitisha.

Video ya harusi na ukuta wa GB 4

Flashi ya GB 16, tupu, na video ya harusi ya GB 7. Kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Bwana harusi anadhani nimemuuzia flashi feki.

Flashi nyingi zinatoka dukani zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haubebi faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi ipo. Hapo una njia mbili. Ya kwanza, hamisha vilivyomo na uifomati kwa exFAT, mpangilio usio na ukuta huo. Ya pili, kata furushi vipande: kwenye 7-Zip, kwenye kisanduku cha kugawa, chagua 4092M, na utapata .001, .002 na kuendelea. Anayepokea aviweke vyote kwenye folda moja na kufungua .001 tu, vingine vitafuata. Kipande kimoja kikikosekana, huna kitu.

Lakini muulize kwanza ataitazamia wapi. Runinga haijui kuunganisha vipande vya 7z, na sabufa nyingi za mitaani kwetu hazisomi exFAT. Kwa yule bwana nilikata video yenyewe kwa programu ya kuhariri, ikawa sehemu ya kanisani na sehemu ya ukumbini, kila moja chini ya GB 4, na flashi ikabaki FAT32. Mama mkwe wake Manyoni aliitazama jioni hiyohiyo ilipofika kwa basi.

Paswedi

Yule kijana wa Ng'ong'ona alirudi baada ya siku mbili.

"Mama, msimamizi anasema sasa linafunguka, ila linadai paswedi."

Alikuwa amesikia mahali kwamba faili la utafiti lazima lifungwe kwa paswedi, akaweka, akasahau kumwambia mzee. Yeye mwenyewe alikuwa anaikumbuka nusu. Tulijaribu mpaka muda wa kufunga. Tuliipata, ilikuwa jina la timu yake na mwaka wa kuzaliwa, jambo ambalo hata jirani angebahatisha.

Orodha ya mishahara, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) na majibu ya hospitali ndivyo vya kufungwa kwa paswedi. Ripoti ya mazoezi ya kiwandani, hapana. Na ukifunga, jua kwamba ufungaji wa zamani wa ZIP, unaoitwa ZipCrypto, ni komeo la bati. Kwenye 7-Zip badilisha uchague AES-256. Hata hapo ZIP inaficha yaliyomo lakini majina ya mafaili yanaonekana na kila mtu. Jina kama "Barua ya kumwachisha kazi" limeshasema kila kitu. 7z ina kisanduku cha kuficha na majina, kiwekee alama. Paswedi yenyewe usiiandike kwenye barua pepe ileile uliyotumia furushi. Piga simu. Na AES ikishafungwa vizuri, paswedi ikipotea, usije kwangu na kreti ya soda. Sina dawa.

Ya kukaa miaka

Hapa nitajisema mwenyewe. Nikiwa bado ofisini, na ofisi siitaji, tuliskani barua za miaka sita. Nilizitia kwenye furushi moja, nikalihamishia kwenye flashi, na umeme ukakatika kabla halijamaliza kuandikwa. Uliporudi niliona jina la furushi lipo, nikaridhika, nikafuta folda ya asili ili kupata nafasi. Wiki mbili baadaye niliagizwa barua moja. Furushi likakataa kufunguka.

ZIP huweka orodha ya yaliyomo mwishoni mwa faili, kama vile vitabu ambavyo yaliyomo yako ukurasa wa mwisho. Mwisho huo ukikatika, programu haina pa kusoma orodha, inasema faili ni batili. Hilo ndilo linalotokea pia bando likikatika katikati ya kupakua: jina lipo, mwisho haupo. Dawa ya kwanza ni kulinganisha ukubwa na kupakua upya. Ya pili, kama hakuna pa kupakua tena, fungua kwa 7-Zip. Kila faili ndani ya ZIP lina kichwa chake mbele, na 7-Zip italalamika kwamba mwisho haujafika, lakini itatoa inachoweza. Niliokoa zaidi ya nusu ya barua. Zilizobaki tuliziskani upya, kwa bahati karatasi zilikuwepo. Karatasi za serikali hazichomwi kwa uamuzi wa mtu mmoja mezani, ipo Sheria Na. 3 ya 2002 ya kumbukumbu na nyaraka, na siku ile niliipenda sheria hiyo kuliko siku zote. Kama furushi lile lingekuwa 7z lililobanwa kwa pamoja, pengine nisingepata hata hizo, kwa sababu humo kila faili linaegemea lililotangulia.

Tangu hapo, furushi la kukaa nalifunga hivi. ZIP ya kawaida kwa Deflate, bila paswedi, bila vipande. Si woga wangu tu. Mwaka 2015 ISO, shirika la kimataifa la viwango, ilipotoa kiwango chake cha ZIP ya kubebea nyaraka, ISO/IEC 21320-1, iliruhusu Deflate au kutobana kabisa, ikakataza ufichaji na ukataji wa vipande. Ndani ya furushi naweka faili la maandishi matupu liitwalo ORODHA, linaeleza kila kilichomo ni nini na kimetoka wapi, kwa sababu "scan0047" haimwambii kitu mtu wa mwaka 2040. Nikimaliza, nabofya kulia juu ya furushi, 7-Zip, "Test archive". Inalipitia lote na kulinganisha alama ya ukaguzi iliyohifadhiwa kwa kila faili. Nalinakili kwenye diski ya nje, naichomoa kwa utaratibu na si kwa kuvuta, naichomeka tena, najaribu tena ile nakala. Kisha natoa alama ya vidole vyake kwa kuandika `certutil -hashfile furushi.zip SHA256` kwenye dirisha la amri, na ule mstari mrefu unaotoka naunakili kwenye daftari. Mwaka ujao mstari ukitoka mwingine, nakala hiyo imeoza, natafuta nyingine. Nakala nazitunza tatu, moja iko kwa dada yangu Kondoa. Asili naifuta baada ya hayo yote, mara nyingi siifuti.

Na kama ni .docx iliyokataa kufunguka usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, kumbuka ni ZIP iliyovaa nguo nyingine. Ifanyie nakala, badilisha mkia wa nakala uwe .zip, itoe. Ukiingia folda ya word, halafu media, picha zako zote zimelala humo, na maneno yako yamo kwenye document.xml, yamechanganyika na alama nyingi lakini yanasomeka. Kazi ya kuyachambua inachosha, hata hivyo haifikii kuandika tasnifu upya.

Pembeni ya mashine ya fotokopi nina kompyuta nzee ya Windows 7, haina intaneti, haina programu hata moja ya kufungulia mafurushi zaidi ya iliyokuja nayo. Wateja wanaicheka. Kabla furushi halijatoka dukani kwangu kwenda kwa mtu tusiyemjua, nalipeleka pale kwanza na kulifungua. Natoza shilingi mia mbili kulijaribu. Aliyekuja na kopo la mlenda, bure.